Chuma au aluminiamu? Mtungi unaoamua kama mpiga mbizi wa Kivu atarudi salama

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

JIONI ya Septemba 29, 2019, gari dogo lililokuwa na mama na binti yake wa miaka minne lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee, katika mlango wa bahari wa Likoni mjini Mombasa. Gari hilo lilitolewa majini Oktoba 11, likiwa limelala kwenye kina cha mita 58, miili ya mama na mtoto ikiwa bado ndani.

Kwa siku zote hizo wananchi wa Kenya walikuwa wakiuliza swali moja kwa hasira: Inakuwaje wanamaji na wapiga mbizi waliobobea washindwe kushuka mita 58, umbali ambao mtu mzima anautembea kwa chini ya dakika moja?

Hasira ile ilieleweka. Hata hivyo, tatizo la mpiga mbizi si kushuka. Jiwe nalo hushuka. Tatizo ni kupanda, na zaidi ni kuweza kutulia mita chache chini ya uso wa maji, bila kuzama wala kuibuka, mpaka mwili utoe gesi uliyoibeba kutoka chini. Uwezo huo wa kutulia unategemea sana kitu ambacho wengi hudhani ni chombo cha kubebea hewa tu, yaani mtungi, na kama umetengenezwa kwa chuma cha pua au kwa aluminiamu.

Hapa Rwanda jambo hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Mtumbwi wa wavuvi wa sambaza ukipinduka, au kijana akizama wakati wa kuogelea, wanaoitwa ni askari wa kikosi cha majini cha Polisi ya Taifa. Na katika nchi ambayo watu wangali wanatafuta mabaki ya ndugu zao waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mwili lazima upatikane na kuzikwa kwa heshima. Ndiyo maana yule anayetumwa kuutafuta asipelekwe majini na mtungi uliochaguliwa kwa kuangalia bei peke yake.

Ziwa lenyewe ni mwalimu

Msomaji asiyewahi kupiga mbizi anaweza kuelewa ugonjwa wa wapiga mbizi kwa kuliangalia Ziwa Kivu lenyewe. Chini kabisa ya ziwa hili, ambalo kina chake kinapita mita 480, kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Gesi hiyo haionekani wala haichemki, kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu yake unaibana.

Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, uliozinduliwa 2016 ukiwa na uwezo wa megawati 26, unatumia kanuni hiyo hiyo kinyume. Bomba linavuta maji kutoka kwenye kina cha takriban mita 350. Maji yanapopanda, mgandamizo unapungua, gesi inatoka katika maji kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa, kisha methani inatenganishwa na kuchomwa kuzalisha umeme. Pale ambapo kazi hiyo haikufanywa na binadamu kwa utaratibu, bali ziwa lilijifungua lenyewe kwa ghafla, kama Ziwa Nyos nchini Kamerun Agosti 21, 1986, watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja.

Mwili wa mpiga mbizi hufanya kama maji hayo. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Mtu akiwa kwenye kina, anavuta hewa iliyobanwa, na naitrojeni inayeyuka katika damu, mafuta na viungo vyake. Akipanda polepole, gesi hiyo inatoka kwa njia ya mapafu. Akipanda haraka, inatoka kwa mapovu humo humo ndani. Mapovu yakikaa kwenye viungo, mtu anaumwa magoti na mabega. Yakikaa kwenye uti wa mgongo au ubongo, anaweza kupooza au kufa.

Wanaokamata samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika wanalijua jambo hili kwa vitendo. Samaki aliyetolewa kwenye kina kirefu kwa mkupuo mmoja huvimba tumbo na kufa, kwa hiyo humpandisha kwa hatua, akingoja kwenye kizimba kila hatua, hadi hewa iliyo ndani yake izoee. Kwa binadamu, majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua yalichapishwa 1908 na mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake, baada ya majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi. Tangu hapo kanuni ni moja: aliyekaa chini kupita muda fulani lazima asimame njiani, na kituo cha mwisho, ambacho mara nyingi ndicho kirefu kuliko vyote, huwa karibu mita 3 kutoka juu.

Mita 40 za Kivu si mita 40 za Mombasa

Majedwali mengi yalitengenezwa kwa ajili ya bahari. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoikandamiza ni takriban asilimia 85 tu ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Mtu anaweza kudhani kwamba hewa ikiwa nyepesi mambo yanakuwa rahisi. La hasha. Kinachotengeneza mapovu ni tofauti kati ya mgandamizo wa chini na ule unaoukuta ukifika juu, na juu ya Kivu kuna mgandamizo mdogo kuliko ule wa pwani.

Hesabu yake ni hii. Baharini, kwenye mita 40, mgandamizo ni kama mara 5 ya ule wa juu. Katika Kivu, kwenye mita 40 hizo hizo, ni kama mara 5 na nusu na ushei. Kwa lugha ya majedwali, mita 40 za Kivu zinahesabiwa kama takriban mita 46 za bahari. Na hata huko baharini, anayeshuka mita 40 kwa hewa ya kawaida ana takriban dakika 10 tu kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Ndiyo maana Albert Bühlmann wa Zürich, aliyeishi katika nchi ya maziwa ya milimani, alitumia miaka mingi kutengeneza majedwali ya mwinuko, ambayo mwaka 1987 yalijaribiwa katika Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Fukwe za Kivu nazo hazisaidii. Sehemu nyingi ni mteremko mkali, na hatua chache kutoka ufukweni unakuwa kwenye kina kirefu. Kwa hiyo anayetafuta mwili hapa anaweza kujikuta kwenye upigaji mbizi wa kusimama njiani hata kama asubuhi hakupanga hivyo.

Kilo 14 kwa kilo 14

Sasa tuje kwenye mitungi yenyewe. Chukua miwili inayotumika sana duniani. Wa kwanza ni wa chuma, unaoingiza lita 12. Wa pili ni wa aluminiamu, ule ambao umejaa katika vituo vya upigaji mbizi vya Zanzibar, Mafia, Diani na Watamu, unaoingiza lita 11 na kidogo. Ukiinua kila mmoja ukiwa mtupu, bila vali, yote miwili ina uzito wa kilo 14 hivi. Mkononi hutaona tofauti. Ukiitia majini ikiwa mitupu, mmoja unazama na mwingine unaelea.

Sababu ni ile tuliyofundishwa shuleni kwa jina la Arkimedi: kitu kikiingia majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Lita moja ya chuma ina uzito wa takriban kilo 7.8. Lita moja ya aluminiamu ina kilo 2.7 tu, nayo ni dhaifu zaidi, hivyo kiwanda kinalazimika kuufanya ukuta wa mtungi kuwa mnene, zaidi ya milimita 10, wakati ukuta wa chuma ni wa milimita 4 hadi 5. Kwa hiyo mtungi wa aluminiamu una umbo kubwa zaidi kwa nje.

Maji ya Kivu ni matamu, na lita moja yake tunaweza kuihesabu kuwa kilo moja, jambo linalorahisisha kazi. Mtungi wa chuma, ukijumlisha nafasi ya ndani na chuma chenyewe, unaondoa maji ya karibu kilo 14. Ukiufunga vali, uzito wake unakuwa karibu kilo 15. Matokeo yake unazama kwa uzito wa karibu kilo moja. Mtungi wa aluminiamu unaondoa maji ya kilo 16 na nusu, huku uzito wake na vali ni kilo 15. Unaelea kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu.

Kumbuka hiyo ni mitungi mitupu. Hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 (bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya ufukweni mwa bahari) una hewa yenye uzito wa karibu kilo 3. Kwa hiyo wakati wa kushuka mitungi yote miwili ni mizito: wa chuma kwa karibu kilo 4, wa aluminiamu kwa zaidi kidogo ya kilo moja. Mpiga mbizi anapopumua, kilo hizo 3 za hewa zinatoka kwa mapovu, na yeye anazidi kuwa mwepesi kila dakika.

Hapo ndipo ulipo mtego. Wakati anapokuwa mwepesi kuliko wakati wowote, yaani mwishoni, ndiyo wakati anapotakiwa kutulia kwenye mita 3. Ikiwa mitungi yake imeanza kuelea na hana uzito wa kumshikilia, atainuliwa juu apende asipende. Jaketi la kuelea halitamsaidia, kwa sababu lenyewe tayari halina hewa ndani yake. Hawezi kulipunguza zaidi ya hapo.

Wale waliosoma mkoani Kagera wanakumbuka jinsi hewa iliyonaswa inavyoweza kubeba mzigo mkubwa. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, iliendelea kuelea chali, na walipotoboa tumbo lake ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa imenaswa ikatoka, meli ikazama. Watu zaidi ya 800 walikufa, na wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini waliitwa kusaidia kutoa miili. Hewa ile ile inayobeba meli ndiyo inayomwinua mpiga mbizi asiyekuwa na mizani.

Swali la juu na swali la chini

Kutokana na hesabu hiyo, mtu anaweza kukata shauri haraka kwamba chuma ndicho bora, kwa kuwa hakielei. Wengi hufanya hivyo, hasa wanaoanza kupiga mbizi kwenye kina. Ni uamuzi wa nusu. Kuna maswali mawili ya kujibu, na mtungi lazima ufaulu yote.

Swali la juu ni hili: Mitungi ikiwa imebaki na hewa kidogo, bari 30 au 50, na jaketi likiwa tupu, je, mpiga mbizi anaweza kutulia kwenye mita 3 bila kuhangaika?

Swali la chini ni hili: Mitungi ikiwa imejaa, akiwa kwenye kina, jaketi la kuelea likipasuka, je, anaweza kujiinua kwa nguvu za miguu yake?

Kwa anayetumia mtungi mmoja na kukaa ndani ya muda usiohitaji kusimama njiani, chuma kinafaulu yote mawili kwa urahisi. Mtungi mmoja wa chuma uliojaa unamvuta chini kwa kilo 4, na suti yake ya mpira inamwinua kwa kilo 2 hivi. Kilichobaki mtu mwenye afya anakimudu. Faida nyingine ni kwamba anapunguza vipande vya risasi kwenye mkanda, ambavyo vinginevyo vingemuumiza kiuno.

Lakini anayekwenda kwenye kina na kusimama njiani habebi mtungi mmoja. Mita 40 za Kivu, mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu hutumia karibu lita 96 huko chini. Mtungi wa lita 12 uliojaa bari 200 unakwisha kwa dakika 25, na hiyo ni kama hajashtuka wala hajafanya kazi nzito, na bado hajapanda. Kwa hiyo anafunga miwili mgongoni.

Mitungi miwili ya chuma iliyojaa inamvuta kwa karibu kilo 8. Maji ya Kivu yana joto la nyuzi 23 au 24, na suti ya kutosha ni nyembamba. Kwenye mita 40 mpira wa suti hiyo umebanwa na haumwinui tena hata kilo moja. Jaketi likipasuka hapo, askari huyo anabeba mzigo wa kilo 7 majini, akiwa kwenye mteremko unaoendelea kushuka, na hana kitu cha kutupa. Amefaulu swali la juu, ameanguka swali la chini.

Mitungi miwili ya aluminiamu iliyojaa inamvuta kwa chini ya kilo 3. Ikiwa mitupu inamwinua kwa karibu kiasi hicho hicho, hivyo atahitaji risasi za kama kilo 5 ili atulie mwishoni. Ukijumlisha utaona kwamba uzito wote wakati wa kushuka ni karibu ule ule wa chuma. Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye mkanda. Risasi hufunguliwa, chuma hakifunguliwi. Huyu wa aluminiamu jaketi likipasuka anaachia kipande cha kilo 3 au 4, anapanda kwa miguu, na akifika kwenye vituo vyake anashika kamba ya boya ili isimwinue zaidi. Risasi hizo zigawanywe, nyingine zibaki mwilini, kwa kuwa atakayeachia zote atajikuta amelikosa jibu la swali la juu.

Kwa kazi ya kusimama njiani katika maji ya vuguvugu na matamu kama ya Kivu, basi, miwili ya aluminiamu pamoja na risasi inayogawanyika ina faida kuliko miwili ya chuma. Chuma kinarudi kuwa na maana pale mpiga mbizi anapovaa suti kavu, ile isiyoingiza maji na inayojazwa hewa, kama wanavyofanya katika maziwa baridi ya Uswisi na Uingereza. Suti hiyo inainua sana, na yenyewe ni akiba ya kuelea iwapo jaketi litaharibika.

Tuangalie pia sababu za wenzetu wa pwani. Vituo vyao vilichagua aluminiamu zaidi kwa ajili ya chumvi, ambayo hula chuma haraka, na pia kwa bei. Sisi hatuna chumvi. Tukiiga aluminiamu yao bila kujua sababu yetu wenyewe, tutaiga pia risasi zao, na hapo tutakosea: maji ya bahari humwinua mtu kuliko ya ziwa, na aliyejifunza Mombasa au Unguja akija Kivu na vifaa vile vile anapaswa kupunguza kilo 2 na nusu hadi 3.

Mtungi wa ubavuni

Wanaosimama njiani kwa muda mrefu hubeba pia mtungi mdogo ubavuni, wenye hewa iliyoongezwa oksijeni, ili naitrojeni itoke haraka. Hapa hakuna ubishi mkubwa: uwe wa aluminiamu. Mtungi mdogo wa lita 5 na nusu hivi wa aluminiamu, ukiwa na kifaa chake cha kupumulia, majini unakaribia kutokuwa na uzito, ukiwa umejaa au ukiwa mtupu. Unaweza kuuvua na kumpa mwenzako bila ninyi wawili kupoteza mizani. Wa chuma unamvuta mtu upande mmoja, na anayeukabidhi anaibuka ghafla huku anayeupokea anazama.

Hata hivyo mtungi huo una hatari yake. Mchanganyiko wenye oksijeni nusu kwa nusu haupaswi kuvutwa chini ya takriban mita 21, kwa sababu oksijeni ikibanwa kupita kiasi huleta degedege, na degedege chini ya maji ni kifo. Kina cha mwisho kiandikwe ubavuni mwa mtungi kwa tarakimu kubwa zinazosomeka hata kwenye maji yenye tope, na mwenzake athibitishe kabla ya kuvuta. Vali na mtungi visafishwe mafuta yote, kwani mafuta na oksijeni vikikutana chini ya mgandamizo huwaka.

Kutu, moto na mitungi ya mitumba

Anayenunua mitungi kwa ajili ya Rwanda mara nyingi ataletewa iliyokwishatumika Ulaya au Ghuba. Kuna mambo ya kuangalia kwa kila aina.

Kwa chuma, adui ni unyevu wa ndani. Kompresa ambayo vichujio vyake vimechoka, hasa msimu wa mvua, hupeleka maji ndani ya mtungi. Kutu haitafuni ukuta peke yake, bali pia hutumia oksijeni iliyo ndani, na mtungi uliokaa muda mrefu ukiwa umejaa unaweza kuwa na hewa isiyomfaa mtu. Fundi afungue vali na kumulika ndani kila mwaka.

Kwa aluminiamu, angalia tarehe iliyogongwa begani. Mitungi mingi ya Marekani iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1988 hadi 1990 ilikuwa ya aloi inayoitwa 6351, ambayo ilikuja kugundulika kuwa hupasuka taratibu sehemu ya shingo, na baadhi ililipuka wakati wa kujazwa. Baadaye viwanda vilihamia aloi 6061. Mtungi wa zamani wa aina hiyo, hata ukiuzwa kwa bei ya bure, usinunuliwe.

Aluminiamu pia haipendi moto. Ikipashwa kupita takriban nyuzi 175 hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Gereji zetu zinazopaka magari rangi na kuyaoka kwenye tanuri zisipewe kabisa kazi ya kupendezesha mitungi. Mtungi uliopita kwenye moto hutobolewa na kutupwa. Mitungi ya aina zote mbili ipimwe kwa mgandamizo wa maji kwa ratiba, ambayo katika nchi nyingi haizidi miaka mitano.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya haviandiki. Katika eneo la Goma na Gisenyi kuna mazuku, yaani mabonde na mashimo ambamo kabonidayoksaidi kutoka ardhini hujikusanya chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mbuzi na hata watu wamekufa humo. Mdomo wa kompresa inayojaza mitungi usiwekwe bondeni wala karibu na moshi wa injini. Uinuliwe juu, upande unakotoka upepo, kwani gesi mbaya kidogo inayovumilika juu huzidishwa mara tano au sita kwenye kina.

Barabara ya kurudi Kigali

Kazi haiishi mpiga mbizi anapovua jaketi. Kutoka Rubavu kuja Kigali, gari hupanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kabla ya kuteremka. Kutoka Karongi pia kuna milima ya kuvuka. Kwa mwili uliojaa naitrojeni, kupanda milima hiyo ni sawa na kupanda ndege. Aliyepiga mbizi ya kusimama njiani alale huko huko ziwani, angalau saa 24, hata kama bosi wake anataka ripoti jioni hiyo hiyo.

Akiumwa, tiba yake ni chumba cha mgandamizo, na vyumba vinavyojulikana zaidi katika ukanda huu viko pwani, mbali nasi. Kwa hiyo mtungi wa tatu ambao kila timu inapaswa kuwa nao ufukweni ni ule wa oksijeni ya hospitali na barakoa yake. Mgonjwa anayepewa oksijeni mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea tena.

Wahusika wafanye nini?

Wanaoandaa zabuni za vifaa vya uokoaji wasiandike tu "mitungi 10 ya kupigia mbizi". Waandike ujazo, madini, aloi, tarehe ya kutengenezwa na uzito wake majini ukiwa mtupu na ukiwa umejaa. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hajui anachouza.

Wakufunzi nao wapime kila askari ndani ya Kivu, wasitumie namba alizokuja nazo kutoka baharini. Wampeleke mita 3 akiwa na mitungi iliyobaki bari 40 na jaketi tupu, atulie hapo dakika 10. Kisha, mahali salama penye kina kifupi, mitungi ikiwa imejaa na jaketi likiwa tupu, ajaribu kujiinua kwa miguu. Asiyefaulu mojawapo abadilishiwe mitungi au risasi kabla ya kutumwa kazini, na matokeo yaandikwe katika daftari.

Nasi wananchi tunaosimama ufukweni tuwe na subira. Tunapomwona askari ameshuka, kisha mapovu yake yanabaki sehemu moja karibu na boya kwa nusu saa bila yeye kuibuka, tusipige kelele kwamba ameogopa au amechoka. Yuko mita 3 chini yetu, anangoja gesi itoke mwilini mwake. Nyumbani kwake pia kuna watu wanaomsubiri.